Kiti cha Tatu kwenye Ndege ya Bruxelles

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya ratiba, pale uwanja wa ndege wa Kinshasa, nikiwa na shati ambalo mama alilipiga pasi nyumbani kwetu Kasha, Bukavu, akalikunja mwenyewe ndani ya sanduku. Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati hata mkubwa wako ulimwita Citoyen, yaani mwananchi. Ukutani kulikuwa na tableau, karatasi kubwa ya kuonyesha nani anaruka wapi mwezi huo. Nilitafuta jina langu kwenye safari ndogo za ndani, Kindu, Goma, Kisangani. Halikuwepo. Nililiona kwenye mstari wa Bruxelles, Ubelgiji.

Nilidhani wamekosea. Nilikwenda kwa Chef-pilote, mkuu wa marubani wote, mtu wa Lubumbashi mwenye sauti ya chini.

"Hapana, hatukukosea," alisema. "Njo wewe mwenyewe. Utaenda Bulaya."

Niliandika barua nyumbani siku hiyohiyo. Mama aliipeleka kwa padri, ikatangazwa baada ya misa: mtoto wa mwalimu wa Kasha anaendesha ndege mpaka Ulaya.

Vijana wengi wananiuliza mpaka leo kwa nini mgeni kazini apewe safari ndefu namna ile, wakati wazee wapo. Nitawaeleza nilivyokuja kuelewa mwenyewe. Ndege kubwa ilikuwa na komanda, kopilote msaidizi wake, na fundi wa injini aliyekaa nyuma yao akisoma mishale ya saa za injini. Lakini safari ikiwa ndefu, sheria haikumruhusu mtu kukaa kwenye usukani mwanzo hadi mwisho. Ilibidi awepo rubani wa kuwapokea ili wapumzike. Huyo tulimwita renfort. Alikaa kwenye kiti kidogo cha nyuma wakati wa kupaa, akashika ndege juu ya jangwa la Sahara ikiwa imetulia, kisha akarudi nyuma kabla ya kushuka. Kupaa na kutua havikumhusu.

Komanda wa Bruxelles alikuwa na heshima yake, na kopilote wake vilevile. Kiti cha tatu, hicho cha renfort, hakikuwa na mtu wa kukigombea. Marubani walichagua safari kwa kufuata miaka ya kazi, na wazee waliacha hicho. Kilichobaki kilikuwa chetu, sisi wa mwisho kwenye orodha.

Sisemi kwamba nilikichukia. Komanda mmoja mzee, mzaliwa wa Kindu, alinifundisha mengi juu ya lile jangwa: kusikiliza redio za mbali zinazokwaruza, kupiga hesabu ya mafuta kila saa kwa kalamu hata kama saa za ndege zinasema yote ni mazuri. Akitaka kulala alinigusa bega. "Nakuachia watu, petit, mdogo wangu. Ukiona kitu hauelewi, uniamushe. Sitakasirika." Nilimwamsha mara tatu kwa mambo ya bure, na hakukasirika.

Likizo ya kwanza nilirudi Bukavu. Baba alinikalisha nje, majirani wakiwa wamejaa.

"Murhula, pale Bruxelles, ni wewe unashushaka ile ndege?"

Nilisema, "Ndiyo, papa."

Uongo ule ulinisumbua kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kadiri miezi ilivyopita ndivyo ulivyozidi kuwa uongo. Nilitua kwenye mazoezi tu, mara chache kwa mwaka. Miaka miwili ikapita. Siku moja, kwenye zoezi, niliona mikono yangu inachelewa. Nilijua la kufanya, lakini mikono ilifika baadaye. Niliogopa. Nikaenda kwa Chef-pilote kuomba safari za ndani.

"Unataka kuacha Bulaya uende Kindu?" aliuliza.

"Ndiyo, Citoyen. Nimesahau kutua."

Alivuta karatasi ya ratiba mbele yake. "Wenzako wanakuja hapa kuomba koti mupya ya kazi. Wewe wa kwanza kuniambia hiyo." Akachukua kalamu, akafuta jina langu kwenye mstari wa Bruxelles.

Wenzangu walinicheka wiki nzima.

Yule komanda wa Kindu alikuwa amekwisha rudi kwenye safari za ndani, na ndiye niliyepangiwa naye, kwenye ndege ya propela mbili. Safari ya kwanza ilikuwa ya kwetu, Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu. Nilikuwa nimemwandikia baba aje kunipokea. Tulipoifuata pwani ya ziwa Kivu juu ya Kalehe, komanda alitoa mikono kwenye usukani.

"Hii ya kushuka ni yako. Kamata."

Kavumu iko juu milimani, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege inakimbia ardhini kwa kasi kuliko vile jicho lilivyozoea Kinshasa. Mvua ilikuwa imetoka kupita, njia ya ndege inang'aa. Nilichelewa. Magurudumu yalikuwa bado hayajagusa ardhi na sehemu kubwa ya njia imeshapita chini yetu. Nyuma nilisikia mama mmoja akimwita Bikira Maria.

"Pandisha," komanda alisema taratibu.

Nilisukuma nguvu zote, tukapanda tena juu ya mashamba ya migomba. Nilimwambia achukue yeye.

"Sichukue. Mafuta iko, mvua imeisha. Zunguka, turudie."

Nilizunguka. Mara ya pili tuligusa mapema, kwa kishindo kidogo, tukasimama vizuri. Shati langu lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Baba alikuwa amesimama kwenye uzio, kofia mkononi. "Nani alitaka kuwaua ile mara ya kwanza?" aliuliza.

"Mimi, papa." Kisha nikamwambia yote: kiti cha tatu, jangwa, na kwamba Bruxelles sikuwahi kushusha ndege hata siku moja.

Alizungusha kofia mkononi. "Wakati komanda alikuwa analala, nani aliangalia ndege?"

"Mimi, na fundi."

"Na batu ngapi walikuwa mule?"

"Zaidi ya mia moja."

"Basi ulinidanganya bure." Akavaa kofia yake. "Mama yako usimwambie. Nitamwambia mimi, polepole."

Niliruka ndani ya nchi miaka mingi baada ya hapo, na hatimaye nilirudi Bruxelles kwenye kiti cha mbele. Sasa nimestaafu, naishi Bagira, hapa Bukavu. Watu huniuliza kama bado natamani mawingu. Mawingu siyatamani. Ninachotamani ni ile dakika baada ya kuzima injini, kabla hatujaanza kujaza karatasi, wakati mbele hakuna anayesema kitu, na nyuma unasikia watu wanafungua mikanda, wanaitana, wanaulizana nani amekuja kuwapokea.