Rozalia Awasha Msitu wa Kakese

Rozalia alikuwa Mkonongo wa Kakese, mfuga nyuki, mwanamke wa kucheka kwa sauti, na hakuna kazi aliyoipenda kama kuchoma msitu. Baba yake ndiye aliyemfundisha: nyasi zichomwe mwezi wa sita, zikiwa bado nusu mbichi, moto upite chini chini bila kudhuru miti. Ukiziacha zikauke kabisa, mwezi wa kumi unakuja moto mkali unaopanda hadi matawini, na mizinga yote kwisha.

Kwa miaka mingi uchomaji huo ulikatazwa. Mwaka huu mkutano wa kijiji ukauruhusu, na Rozalia akachaguliwa kuongoza. Siku yenyewe ilipofika, hata chakula cha mchana kilimshinda kwa furaha.

Jirani yake Révérien, mkulima mwenye asili ya Burundi, alikuja na tawi bichi la kupigia moto begani, uso umekunjamana.

"Mama, muhogo wangu umepakana na msitu. Ukiungua, watoto watakula nini?"

"Basi tuanzie kwako, Baba Jeannine. Tuchome pembeni mwa shamba kwanza, moto ukose njia. Na wewe ndiye utakayewasha."

"Mimi?"

"Wewe!"

Révérien akawasha, wanakijiji wamejipanga na matawi yao. Moto ukatambaa taratibu, nyasi zikitatarika. Ghafla upepo ukageuka, ndimi zikauelekea muhogo.

"Pigeni! Nyie wa kule, pigeni!" Rozalia alipaza sauti, huku mwenyewe ameshatimua mbio kuukabili. Wakaupiga kwa matawi, macho yakichuruzika machozi ya moshi, hadi ukazimika miguuni pa Révérien. Muhogo ulikuwa salama. Révérien akaangua kicheko.

"Twende mbele, Mama! Bado msitu mkubwa!"

Wakachoma hadi jua likazama. Umande uliposhuka, moto ukalala wenyewe.

Mwezi wa kumi moto mwingine ukapanda kutoka bondeni, ukinguruma. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Ulipofika pale walipochoma, ukakosa cha kula. Ukanywea, ukafa. Vigelegele vikalipuka! Miti ya miyombo ilikuwa imevaa majani mapya mekundu, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka mizingani.

Rozalia akampigia simu dada yake aliyeolewa kijiji cha Mamba, akipiga kelele mpaka dada akauliza nani amefariki.

"Afariki nani! Msitu umepona, dada! Panda gari uje uone!"