Sifuri ya Masikio

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Masikio. Kwenye hifadhi ile ya msitu wa mlimani, kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege kwa kuwasikia. Alfajiri alisimama dakika kumi kila kituo, penseli mkononi, akaandika kila sauti: hondohondo, njiwa pori, na kile kindege chenye koo jekundu ambacho hakipatikani mlima mwingine wowote. Miaka ishirini na sita hiyo. Mimi nilikuwa dereva tu. Mti kwangu ulikuwa kuni zilizosimama, na hilo hakunisamehe.

Mwaka ule koo jekundu likaanza kupungua daftarini. Saba, tatu, moja, kisha sifuri. Masikio akakonda, chakula cha dada anakisukuma tu kwenye sahani. "Kikitoweka mikononi mwangu, uso nitauweka wapi?" aliniuliza. Wakubwa walishasema: akikikosa na safari hii, kitaandikwa kimekwisha. Mwenzake aliumwa, wakanituma mimi nimsindikize.

Niliogopa, sifichi. Ukungu ulifunika njia, mashina mapana kuliko gari langu yamevaa kuvu la kijani, mbega wakikoroma juu tusikowaona. Kinyesi cha nyati kilikuwa bado kinafuka mvuke. Na sheria ya kituo ni moja: midomo ifungwe mpaka dakika kumi ziishe. Nikafunga wangu. Yeye jasho lilimtoka, kwenye baridi ile, akigeuza kichwa huku na huku.

Dakika zilipoisha aliandika sifuri.

"Kimekwisha, shemeji," alisema.

"Acha utani. Sasa huyu anayepiga filimbi muda wote huu ni nani?"

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Kilikuwa juu ya kichwa chake, kwenye tawi ambalo angeligusa kwa mkono, koo jekundu linatetemeka, mdomo unafunguka na kufungika. Masikio aliukazia macho ule mdomo.

"Anaimba?"

"Anaimba, shemeji."

Alishika sikio lake, akaliachia. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa namna ile.

"Na wengine?"

Walikuwa wakiimba kila upande wa bonde. Nikababaika. "Wawili hivi," nikasema.

"Usinionee huruma." Akanipa penseli. "Hesabu."

Nikahesabu. Chini ya sifuri yake nikaandika tisa.