Jino la Mama Mkwe

Mimi sifunguliwi soda na mtu. Naifungua kwa meno, na hamsini nimeshaivuka. Shule niliacha darasa la nne, nikaingia mashimoni Kerende kuchimba dhahabu, nikatoka na ng'ombe, nyumba ya bati na pikapu ambayo Itiryo nzima wanaijua kwa mlio. Nilichokitaka nilikipata. Jino moja tu ndilo lililonishinda, na wala halikuwa langu.

Lilikuwa la mama mkwe wangu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawali pamoja. Miaka yote ya ndoa nilimjua kwa sauti, na kwa kanga aliyojizibia mdomo. Jino lilipomuuma alilishindilia ugoro, akabadilisha akaweka karafuu, mpaka mke wangu akaniambia shavu limevimba, jicho limefumba.

Nikaenda naye kwa mama yake. Nikasimama uani, mlango wake nimeupa mgongo.

"Mama, twende Tarime. Daktari wa meno atalimaliza leo."

"Nikae na mkwe wangu kiti kimoja? Watu watapata la kutafuna mwaka mzima."

"Basi panda nyuma."

"Nyuma wanapanda mbuzi."

Mke wangu akacheka, halafu akaanza kulia. Mama akasema jino halijawahi kuua mtu, nirudi kwa ng'ombe wangu.

Angekuwa mtu mwingine ningembeba mzobemzobe. Lakini mikono hii iliyopasua mwamba haikuwa na ruhusa ya kugusa hata upindo wa kanga yake.

Siku alipokubali, hata mate hayamezeki. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, kichwa kwenye mapaja ya mke wangu. Niliendesha kama niliyebeba mayai, kioo cha nyuma nimekigeuzia juu nisije nikamwona.

Daktari alikuwa binti mdogo. "Shikamoo mzee," akasema, macho chini. "Lilikuwa jino la kuziba tu. Sasa usaha umeshashuka shingoni."

Walihangaika naye. Jua halijazama, akafariki.

Wanawake walipomaliza kumwosha, mke wangu alitoka akakaa chini karibu nami.

"Unajua mama alikuwa na mwanya? Kama wa kitindamimba wetu."

Sikujua. Ningejulia wapi?

Siku hizi jioni namwita yule mtoto akishapiga mswaki. Namshika kidevu, namgeuzia kwenye mwanga.

"Baba, si uliangalia jana?"

"Fungua mdomo, mwanangu. Fungua zaidi."