Rupia Niliyoisugua

Siandiki haya ili nimlaumu mtu. Labda wa kulaumiwa ni mimi, sijui.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, Kyela mjini mabati yakajaa madukani, na sisi wa kijijini Ngonga tukaanza kuyatamani. Nyasi za paa langu zilikuwa zimeoza na mvua zilikaribia. Siku moja nilinunua chungu kwa mama mmoja mfinyanzi wa Ikombe, akanirudishia chenji. Nyumbani nikaona sarafu moja ni nyeusi, nzito kuliko shilingi kumi, ina mtu mwenye masharubu na ndege juu ya kofia.

Mjini kulikuwa na mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, aliyenunua sarafu za zamani. Nilimweleza kwa mdomo tu, maana niliogopa kutembea nayo. Akasema hiyo ni rupia ya Mjerumani. Kama ni nzima, atanipa mabati matano. Niilete siku ya soko.

Siku zile sikula vizuri. Mama yule alinipa akidhani ni shilingi kumi, nami nilipokea nikidhani hivyo hivyo. Sasa ni ya nani? Mwishowe nikajiapia kwamba nusu ni yake.

Asubuhi ya soko niliona aibu kumpelekea mtu mzima kitu cheusi vile. Nikaisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa.

Mwenye duka aliigeuza mara moja tu.

"Dada, nani kaisugua hii?"

Ningeweza kusema niliipata hivyo. Nikasema, "Mimi."

"Umeisugua kama sufuria ya harusi."

Hakunigombeza. Alinitolea yake, nyeusi, nikaitazama kwa lenzi: masharubu yalionekana unywele kwa unywele. Yangu ilikuwa mikwaruzo mitupu. Akasema ya namna hiyo wateja wake hawaitaki, inamfaa sonara aiyeyushe. Pesa aliyonipa haikufikia bati hata moja. Sidhani alinidhulumu, tofauti niliiona kwa macho yangu.

Kazi ikawa kwenda Ikombe kumpa yule mama nusu yake. Ndani ya mtumbwi, ziwani, nilijiuliza nani angeamini kwamba mabati matano yamegeuka pesa ile. Mimi mwenyewe nisingeamini. Angesema nimekula.

Nilimkuta akilainisha ukingo wa chungu. Nikaeleza yote, hata mabati matano sikuyaficha, nikaweka nusu yake juu ya mkeka. Mikono yake iliendelea na udongo.

"Ungekuwa mwizi," akasema, "usingenitajia mabati."

Kisha akauliza niliisugua kwa kitu gani. Nikasema kwa majivu na mchanga.

"Mimi ningeongeza maganda ya ndizi. Unampelekeaje mtu kitu kichafu?"

Nikasema ndaga fijo, asante sana. Sijui kama alisema vile kunifariji.

Mvua za mwaka ule ziliingia ndani. Chungu chake ndicho nilichotega chini ya tundu.