Barua Nane Nilizozifuta Dadaab

Kisa hiki nimekificha vya kutosha. Miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya misaada Dadaab, nikichapa barua za wakimbizi waliopoteana na jamaa zao vitani. Nilitoka Nyeri nikijiona bingwa wa kompyuta.

Siku moja mashine ikagoma: diski yake kuu ilikuwa imejaa. Kupekua, nikakuta barua tisa zenye jina la Halima Abdi Mohamed, zilizochapwa na karani aliyenitangulia, zikisubiri wino wa printa kutoka Garissa. Nikacheka. Mama huyu hachoki! Nikidhani ni nakala za barua ile ile, nikabakiza moja, nikafuta nane bila kuzifungua, nikajipongeza kwa soda baridi.

Kesho yake akaja mama mmoja mzee. "Mimi Halima Abdi Mohamed. Nisomee barua yangu ya kwenda kwa kijana yangu."

Nikamsomea ile moja. Akatikisa kichwa. "Hii si yangu. Hii ni ya Halima ya kwa bomba la maji. Sisi Halima Abdi Mohamed tuko tisa hapa."

Nilitamani ardhi inimeze. "Mama, yako nimeifuta."

Akavuta kiti. "Imetoka kwa mashine. Kwangu bado iko. Andika."

Akaisema yote bila kukwama, salamu, majina ya ngamia, hata jina la mjukuu aliyezaliwa njiani. Nikachapa huku machozi yakinilengalenga.

"Sasa ongeza," akasema. "Mwanangu, barua ikichelewa usiogope. Karani wetu ni kijana mzuri, lakini alifikiri Halima ni mmoja tu."