Msiba Alioukataa Bi Mwanahija

Shangazi yangu Bi Mwanahija hakuwa mtu mpole, na sitamsingizia upole kwa kuwa amekwisha kufa. Alikuwa akishona kofia barazani kwake, hapa Bagamoyo, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano. Kofia akimpa kaka yake Kibwana, mpishi wa chuo kimoja Dar es Salaam, awauzie walimu na wanafunzi. Mimi, Tabia, nililelewa naye. Barua zake zote nilizisoma mimi, maana yeye alijua kusoma msahafu tu.

Kibwana ndiye aliyetuletea Amisi, likizo ya mwaka 1965. Wanafunzi walikuwa wamefunga mizigo, huyu Moshi, huyu Bukoba, hata wale wa Kenya na Uganda walipanda mabasi wakaenda zao. Bweni zima akabaki Amisi peke yake. Kwao ni Msumbiji, pwani ya ng'ambo ya Mto Ruvuma, na kwao kulikuwa na vita. Angeenda wapi? Kibwana alimkuta mlangoni mwa jiko la chuo, sahani mkononi, wakati chakula cha wanafunzi kilishasimamishwa siku mbili nyuma.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," shangazi alimwambia kaka yake, na siku ileile akampa Amisi ndoo akachote maji. Amisi akachota. Jioni akala wali kwa samaki mpaka tukaona aibu kumtazama. Tangu siku hiyo akamwita mama, na kila chuo kilipofungwa alikuja kwetu.

Alikuwa akisomea hesabu, kijana mrefu, mwenye Kiswahili cha kwao ambacho tulikuwa tukikicheka. Nilimwuliza siku moja kama Dar inampendeza. Akasema mji ni mzuri, masomo si mabaya, wenzake hawana neno.

"Mchana nasahau, Tabia," akasema. "Lakini Jumamosi barua zinapogawiwa, wote wanaitwa majina. Mimi huinama nikajifanya nafunga kamba za viatu."

Mwezi wa sita mwaka 1968 alikuja kabla chuo hakijafungwa, bila mkoba. Alipiga hodi na sauti yake haikuwa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimefiwa. Mama yangu amekufa."

Mkimbizi mmoja, mzee wa vijiji vya kwao, alikuwa amepita Dar akamweleza. Askari wa Kireno waliingia kijijini kwao, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na mama yake inasemekana alikuwamo. Nilianza kulia. Shangazi hakulia. Aliweka sindano chini.

"Huyo mzee alimwona kwa macho yake?"

"Hapana. Aliambiwa."

"Nani alimwosha? Nani alimkafini?"

"Sijui, mama."

"Basi hujafiwa."

Nilimchukia saa ile, nasema kweli. Jirani yetu Chausiku, ambaye hakuwahi kukosa msiba hata mmoja katika mtaa ule, alikwisha kusikia kilio changu. Akaja na kanga kiunoni na wanawake watano nyuma yake. Shangazi akasimama mlangoni, akawaambia hakuna msiba, warudi wakapike. Chausiku akapayuka kwamba mtoto wa watu ananyimwa hata matanga. Mwalimu Mtoro wa chuo cha Kurani akaitwa, akasema kwa upole kwamba hata aliye mbali huswaliwa.

"Dua sikatai, Mwalimu," shangazi akamjibu. "Matanga nakataa. Mimi nilishawahi kumwua mtu kwa kulia."

Watu wa rika lake walijua anachosema. Mumewe wa ujana, Kombo, alikuwa baharia wa meli. Wakati wa vita vile vikubwa ilikuja habari kuwa meli yake imezama. Shangazi akakaa eda miezi minne na siku kumi, akaitoka, na nguo za Kombo zikagawiwa ndugu. Mwaka uliofuata Kombo akaingia mlangoni mzima, akamkuta kaka yake amevaa koti lake. Waliishi tena mwaka mmoja. Kila walipogombana alimwambia, "Wewe ulishanizika." Mwisho akahamia Pangani, na talaka ikaja kwa mkono wa mtu.

Usiku Amisi alimwomba tena. Nilikuwa chumbani, nikasikia yote.

"Mama, niruhusu nimlie siku tatu tu. Nikimlia nitaweza kusoma. Sasa kitabu nakifungua sioni kitu."

"Ukimlia umemzika. Naye labda yuko porini anakula mizizi, anasema mwanangu ananisubiri. Nenda kasome, ukamkute."

Hakusubiri hata chai ya asubuhi. Alirudi Dar, akafeli mitihani, akarudia mwaka. Idi ilipofika akaja, akambusu mkono shangazi, na habari ya kifo hakuitaja tena. Alikuwa amekubali. Akianza kusema habari za mama yake, husema mama anapenda hiki, mama hali kile, kama mtu aliyemwacha jana. Nami nikaanza kuamini kuwa shangazi alifanya jambo la busara. Alipomaliza chuo alikwenda kusini kufundisha watoto wa wakimbizi, na kila mkimbizi aliyevuka mto alimwuliza.

Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 akatuandikia kuwa anakwenda kumtafuta. Barua ya pili ilichukua miezi. Ilipofika nilimsomea shangazi barazani.

"Mama yangu Mwanahija, nimefika kwetu. Mama alikufa siku ileile. Yule mzee alisema kweli. Wamezikwa watu kumi na mmoja kaburi moja, na hakuna aliyepata wa kumwosha. Nilikuwa nimemnunulia doti moja ya kanga kila mwaka, siku ya Idi, zimefika saba. Nimezigawa kwa wanawake waliosalia. Sikulaumu. Ulinipa miaka saba ya kuwa na mama. Lakini sasa watu wa hapa walikwisha kulia zamani, nami nikitaka kulia, machozi hayaji."

"Rudia hapo," shangazi akasema.

Nikarudia. Akainuka, akaniambia nitoe meza na viti vyote vya ukumbini, nitandike mikeka. Akajifunga kanga akakaa chini. Chausiku alipopita akaona, akaingia mbio.

"Kumetokea nini, Mwanahija?"

"Tumefiwa. Mama yake Amisi."

"Yule wa mwaka ule?"

"Yule. Mimi ndiye niliyekosa, Chausiku. Mtoto aliniomba siku tatu nikamnyima."

Chausiku angeweza kusema maneno ambayo angeyasema kwa haki kabisa. Hakuyasema. Alikaa kando yake akaanza kulia, na wanawake wa mtaa wakaja mmoja mmoja. Kibwana akaja kutoka Dar na gunia la mchele. Siku mbili nzima shangazi hakutoa chozi, alipokea pole tu na kuitikia.

Siku ya tatu ilisomwa hitima. Wanaume walikuwa barazani, sisi ndani, mlango wazi katikati. Mwalimu Mtoro, mzee sasa, alipomaliza kusoma akauliza kwa sauti tumsikie, ili amtaje marehemu katika dua:

"Jina lake nani, na ni binti nani?"

Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Kibwana kule nje, naye akainamisha kichwa. Miaka kumi tulikuwa tukimwita mama yake Amisi. Tulibishana kama yu hai au amekufa, tukanuniana na majirani kwa ajili yake, na katika sisi sote hakuna aliyewahi kumwuliza yule kijana mama yake anaitwa nani. Nilikimbia kuichukua barua nikaisoma juu mpaka chini. Jina halikuwamo.

"Simjui," shangazi akasema, na hapo ndipo alipolia. "Sikumwuliza, Mwalimu. Sikumwuliza hata siku moja."

Mwalimu Mtoro akainua mikono, akamwombea mama yake Amisi.