Baharia wa Kisondela Aliyekataa Kuitwa wa Temeke

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, mvua ya Aprili inapiga mabati ya Tukuyu mpaka watu wanazungumza kwa kupaza sauti. Ndani ya duka la simu la Atuganile Mwaipopo, hatua chache kutoka stendi, mwanamume aliyevaa koti la mpira amekaa kwenye benchi akiitazama simu ya mezani. Hajaja kupiga. Amekuja kupigiwa.

Anaitwa Ambakisye Mwasomola, ana miaka arobaini na moja, na ni baharia. Ndiyo, baharia, tena wa Kisondela, kwenye migomba na parachichi, ambako maji mengi ni haya haya yanayotoka juu.

Kazi yake melini ni kutia mafuta mitambo na kuiangalia isichemke. Wenzake wanamwita oila. Akiwa kazini anapata dola 450 kwa mwezi. Akiwa nyumbani hapati hata senti, na mwaka huu wa 2003 umemkuta nyumbani, sasa miezi saba bila meli.

"Jumatatu na Alhamisi nakaa hapa mpaka saa sita," anasema. "Siku nyingine simu ikija, Mama Atu ananitumia mtu. Lakini mpaka mtu afike kwangu kwa miguu, saa mbili na ushee zimekwisha."

"Huyu ni mteja wa ajabu," anadakia Atuganile kutoka nyuma ya meza. "Hanunui kitu, anamaliza benchi langu tu."

Wanacheka wote wawili. Lakini Ambakisye hacheki sana. Kuna neno moja aliloandika kwenye fomu mwezi Januari, na kila simu isipolia anahisi ni neno hilo lililomponza.

Utaratibu ni huu. Mwenye meli yuko ng'ambo. Wakala wake yuko Dar es Salaam. Meli ikihitaji mtu, wakala anakata tiketi ya ndege, kisha anamtafuta baharia aliyeandikwa kwenye jalada. Kampuni inalipa safari kutoka "makazi" ya baharia hadi melini, na mshahara unaanza kuhesabiwa siku anapotoka kwenye makazi hayo. Mkataba ukiisha, inamrudisha palepale.

Sasa makazi ni wapi? Hapo ndipo Ambakisye alipojifunga mwenyewe.

Mwaka 1994, baada ya kupunguzwa kazi kwenye chumba cha mitambo cha kiwanda cha chai, alikwenda Dar es Salaam, akasoma kozi fupi, akapata kitabu cha baharia. Pale kwa wakala, vijana waliokuwa kwenye foleni wakamnong'oneza asiandike mkoani hata kidogo. Wakala anataka mtu wa kuitwa asubuhi na jioni awe uwanja wa ndege. Mtu wa Mbeya atangojwa na nani?

Akaandika Temeke, hapohapo Dar es Salaam, kwa Lukasi, mtoto wa mjomba wake. Lukasi akakubali bila shida, akawa anapokea simu na kupiga Tukuyu.

"Kazi nilipata, siwezi kusema uongo," anasema Ambakisye. "Lakini nauli ya basi, chakula cha njiani, siku mbili za kwenda na siku mbili za kurudi, vyote vyangu. Kwenye karatasi mimi natoka Temeke. Nani atanilipa basi la Tukuyu?"

Nauli yenyewe, shilingi elfu kumi na tano, si kitu cha kumuua mtu. Kilichomuumiza ni mbio. Mwaka 1996 aliitwa mchana, ndege kesho yake asubuhi. Mabasi yalikuwa yameshaondoka tangu alfajiri. Akapanda lori la ndizi, akafika uwanja wa ndege dakika za mwisho, shati limejaa utomvu. Afisa aliyempokea melini alimuuliza kama anatoka msituni.

Mwaka 1998 hakufika kabisa. Mvua zile kubwa zilikata barabara, akalala kwenye basi siku mbili huku ndege ikimwacha. Wakala akawaka. Kutoka Temeke mpaka uwanja wa ndege ni mwendo mfupi, ulikuwa wapi? Angejibu nini? Akasema malaria. Wakataka cheti cha hospitali, hana. Tiketi ile, dola 580, ikakatwa kwenye mishahara ya mkataba uliofuata, na huo mkataba wenyewe aliungoja miezi minane.

"Nilikuwa na ukweli mdomoni, nashindwa kuusema," anasema. "Niliona aibu, we acha tu."

Hata hivyo aliendelea kuwa mtu wa Temeke. Kilichombadilisha ni kifo.

Novemba iliyopita, Isakwisa wa Ikuti, baharia mwenzake ambaye walianza pamoja, alianguka melini akafariki. Kampuni ilitimiza mkataba wake, ikasafirisha mwili mpaka kwenye makazi yaliyoandikwa. Na makazi yaliyoandikwa yalikuwa chumba cha rafiki yake, Dar es Salaam. Kutoka pale, ukoo ulitafuta gari wenyewe. Watu wa Ikuti walikaa msibani siku tano wakingoja jeneza, ng'ombe wawili wakauzwa kulipia mafuta na dereva.

Ambakisye alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Jioni aliporudi nyumbani, mkewe Tusekile hakumwuliza habari za mazishi. Alimwuliza jambo jingine.

"Nilimwambia, Baba Sekela, wewe ukifa huko watakupeleka kwa Lukasi," anasimulia Tusekile. "Mimi jina langu liko wapi kwenye hizo karatasi? Nitalia Temeke nisikokujua?"

Basi Januari, wakala alipotuma fomu mpya, Ambakisye aliijaza kwenye benchi hili hili. Penye makazi akaandika Kisondela, Rungwe. Penye simu akaandika namba ya Atuganile. Akaituma kwa faksi, akarudi nyumbani moyo mweupe.

Zikapita wiki kumi na moja, kimya. Wenzake wa Dar es Salaam wawili walishaitwa. Binti yake Sekela yuko kidato cha pili, na ada ya muhula inadaiwa. Maji yalianza kumfika shingoni.

Saa nne kasoro, simu inalia. Atuganile anasikiliza, anamnyooshea mkono. "Lukasi."

Ambakisye anaisikiliza sauti ya ndugu yake inayotoka kwa nguvu kiasi kwamba duka zima linasikia. Wakala amepiga Temeke. Meli iko Durban, inataka oila. Ndege kesho saa tano asubuhi.

"Kaka, niwaambie umetoka kidogo, unarudi?" anauliza Lukasi. "Malori ya ndizi si yanaondoka saa sita? Ukiwahi moja, unafika!"

Ni kweli, angefika. Nje, vijana wanapakia mikungu kwenye lori, turubai limeshafunguliwa. Ambakisye anawatazama. Mkataba mzima, miezi tisa ya mshahara, uko ng'ambo ya barabara, na ana muda wa kutosha kuvuka.

"Lukasi, ahsante sana ndugu yangu," anasema hatimaye. "Waambie sipo hapo. Waambie niko nyumbani."

Anakata. Kisha anatoa noti mfukoni na kumwomba Atuganile ampigie ofisi ya wakala. Anayepokea ni karani, kijana anayeitwa Fred.

"Kaka Fred, ni Ambakisye oila. Mbona mmepiga Temeke? Fomu yangu inasema Kisondela."

"Niliiona," anajibu Fred. "Nikajua umekosea, nikaacha ile ya zamani."

Ambakisye anafumba macho. Wiki kumi na moja amekuwa akijilaumu kwa ukweli wake, kumbe ukweli wenyewe haujaingia kwenye jalada.

"Sikukosea. Huku ndiko kwangu. Nilikosea miaka tisa ile mingine."

"Kesho utafika?"

"Sifiki. Nikipanda basi kesho alfajiri, Jumamosi asubuhi niko uwanjani."

"Meli haiwezi kungoja Jumamosi, kaka. Hii nampa mwingine."

Dakika zinazidi kuila noti ya Ambakisye. Halafu Fred anauliza, kwa sauti ya chini zaidi, Kisondela ni kata au kijiji. Ambakisye anamtajia yote, kijiji, kata, wilaya, jina la mke, na upande wa pili anasikia kalamu. Kuna meli nyingine Singapore mwisho wa Mei, anasema Fred. Hawezi kuahidi. Ikitokea, atapiga Tukuyu siku nne kabla, na tiketi ya basi asiitupe, atarudishiwa nauli.

Anaweka simu chini. "Nimepoteza meli," anamwambia Atuganile.

"Umepoteza," anakubali Atuganile, na safari hii hamtanii. Anamrudishia nusu ya pesa yake.

Mchana, mvua ikiwa imepungua, Ambakisye anapanda kilima cha Kisondela kwa miguu. Tusekile yuko shambani anachuma chai, kapu mgongoni. Anamsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kuacha kuchuma.

"Kwa hiyo hujapata kazi," anasema.

"Sijapata. Lakini wameandika Kisondela. Na jina lako limo."

Mikono ya Tusekile inasimama. "Ndaga fijo," anasema kwa Kinyakyusa, ahsante sana, halafu anageuza uso upande wa migomba.

Ada ya Sekela wamepanga kuilipa kwa fedha ya chai na mbuzi mmoja. Singapore wanaingoja, lakini hawaihesabu. Nikimwuliza Ambakisye anatumaini nini, hasemi habari ya dola.

"Nataka siku moja nirudi kwa tiketi iliyoandikwa mpaka Tukuyu," anasema. "Nishuke stendi, nauli amelipa aliyenituma."

"Na uwe unatembea, usiwe kwenye jeneza," anasema Tusekile.